Hodi ya Nne Kwenye Tundu la Hewa

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu kwanza: udi uliochanganyika na unyevu wa bafuni, saa kumi za alasiri, na nje ya dirisha la sebuleni Kilburn, hapa London, imeshaanza kuingia kiza kama kawaida ya Desemba. Jana umeniletea kwenye simu picha ya tangazo la watu wanaosafisha mifereji ya hewa majumbani, ukaniuliza, kwa hicho Kiingereza chako, kama inafaa uwaite waje kwenye nyumba yenu mpya ya Rayners Lane. Ulitaka jibu la ndiyo au siyo. Nyie vijana mna haraka. Mimi jibu fupi sina, nina kisa, na wewe Salma umo ndani yake, ingawa ulikuwa bado hujaota jino la tatu.

Tulikuwa tumehamia ghorofa ya tano, mimi na baba yako, katika jengo hili hili ninalokaa mpaka leo. Wakati huo kabatini palikuwa na mashine ya gesi iliyopuliza hewa ya moto, na hewa hiyo ikipita kwenye mifereji ya bati hadi kila chumba. Bafuni hakuna dirisha. Pana tundu moja tu juu ukutani, limefunikwa wavu wa chuma, upana wake kama sahani ya pilau ya watu wawili. Nililiona tundu, sikuuliza linakwenda wapi. Kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilidhani najua.

Nilikuwa nakuogesha kila siku saa kumi, baba yako akiwa bado kazini anaendesha basi, na nilikuwa nikikuimbia nyimbo za kwetu Unguja ili usilie. Siku moja nilipomaliza kuimba, tundu likasema:

"Hodi, wenyewe."

Sizui, mwanangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, imechoka, na Kiswahili cha kwetu kabisa, lile neno la mwisho likivutwa kama wanavyolivuta watu wa Mji Mkongwe. Nilikukamata kwa nguvu hata ukapiga kelele. Kimya kidogo. "Hodi, wenyewe." Kimya tena. "Hodi." Halafu basi, yakabaki maji yanayodondoka. Nilikwenda kufungua mlango wa mbele nikiwa nimekubeba umelowa, nikakuta ukumbi mtupu na taa yake inayopepesa.

Sasa lazima ujue nililelewa vipi. Marehemu bibi yako, mama yangu, alitupa sharti moja toka tuko wadogo: ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Alisema wapo walioitika, wakarudi nyumbani na miguu yao na mikono yao, lakini sauti zao hazikurudi. Sharti hilo nilikuja nalo London pamoja na kanga zangu na kopo la udi. Kwa hiyo sikuitika. Kesho yake saa kumi, hodi tatu. Keshokutwa, hodi tatu. Kila siku mara tatu na kunyamaza, na mimi nimeganda kwenye ukingo wa beseni.

Nikafanya alilonifundisha mama. Nilifukiza udi bafuni mpaka macho yakatoka machozi, nikasoma kila ninachokijua, kisha nikapanda juu ya stuli nikaishindilia kanga nzima ndani ya tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi niliziba tundu ambalo halikutaka kuzibwa. Na sauti haikwenda, ingawa udi niliendelea kuufukiza kila siku. Sasa ilikuja kwa chini chini, kama mtu anayesema ndani ya mto, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana mara nyingine sikuwa na hakika kama inatoka ukutani au kichwani mwangu.

Haikupita muda dari ya bafuni ikaota madoa meusi, na wewe ukaanza kukohoa. Kikohozi kile kilinikata maini. Niliwaza, kiumbe huyu ameniona sikumjibu, sasa ameingia kifuani kwa mwanangu.

Katika hali hiyo akaja kijana mmoja nadhifu, anapita mlango kwa mlango akiuza usafishaji wa mifereji ya hewa. Akaingiza kikamera chenye waya kwenye mfereji wa sebuleni, akanionyesha vumbi limelala humo. Akasema ndilo linalokohoza mtoto. Nikamuuliza, kwa aibu, kama mifereji hiyo inaweza kutoa sauti. Akanijibu hata hakupepesa jicho kwamba tukisafisha, sauti nazo zitakwisha. Mwanangu, nilitaka kumkumbatia. Hofu yangu ilikuwa imepata jina, jina lake uchafu, na uchafu una dawa. Nikamwambia waje Alhamisi.

Baba yako aliporudi akacheka mpaka akakaa chini. "Vumbi lina mambo mengi, Mwanaisha, lakini halisemi Kiswahili." Kisha akaacha kucheka, akanitazama usoni, akaona nilivyokonda. Hakunikatalia. Alisema tu tupate jicho la pili kwanza, akamwita Mzee Jaswant, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa akitengeneza mashine zile tangu jengo lilipokuwa jipya. Akasema atakuja Jumatano asubuhi.

Jumanne ndiyo siku ninayoitubia hadi sasa.

Saa kumi ilifika. Hodi. Hodi. Hodi. Nikashusha pumzi, maana nilijua sasa itanyamaza. Ikaja ya nne. Ikaja ya tano, na ya sita, bila lile neno "wenyewe", hodi tupu, moja juu ya nyingine, halafu kitu kikawa kinagonga bomba: ko, ko, ko. Nilichofanya, mwanangu, ni kuchukua taulo na kulishindilia juu ya ile kanga. Nikafunga mlango wa bafuni, nikawasha redio.

Asubuhi Mzee Jaswant akaja, kilemba cha buluu, miwani imefungwa kwa uzi. Alikagua mifereji yote taratibu, akapitisha kidole, akanusa, akafungua kabati la mashine. Akatoa filta, kile kichujio cha hewa, imeziba, imekuwa nzito kama gunia la jivu.

"Mama, badilisha hii tu," alisema. "Vumbi kwa mfereji iko, lakini imelala. Vumbi ikilala haina shida na mtu. Hakuna panya, hakuna kuvu ndani, haitoki kwa chumba. Kusafisha ya nini?"

"Na kikohozi cha mtoto?"

Alikuwa ameshaingia bafuni. Alitazama madoa ya dari, akatazama tundu, akavuta taulo, akavuta kanga yangu ndefu kama anayemtoa nyoka shimoni.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Basi kikohozi umeleta mwenyewe. Mvuke ya maji itatokea wapi? Inakaa kwa ukuta, inaota kuvu, mtoto anavuta." Kisha akaninong'oneza, kana kwamba ukuta unasikia: "Kwa nini ulifunga?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza mtu mgeni jambo ambalo hata mama sikumwandikia. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Anabisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Halafu?"

"Hunyamaza."

"Mama," alisema, "mimi nimekaa na Waswahili. Mtu wa adabu anabisha hodi tatu, asipojibiwa anarudi kwake. Sasa shetani atakuwa na adabu hiyo?"

Nilitaka kucheka, nikajikuta nasema, "Jana alibisha zaidi. Ya nne, na ya tano, na ya sita."

Uso wa mzee yule ulibadilika, nami mpaka leo nikifumba macho nauona. "Hii tundu si yako peke yako," alisema. "Chini mpaka juu ni shimo moja. Nyumba zote bafu zinapumua hapa. Mwitikie."

Sikuweza. Ni kama mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na sharti lake. Mzee Jaswant akanishika mkono kama mtoto wa shule, akanipandisha juu ya stuli. Kiza cha lile tundu kilikuwa mbele ya mdomo wangu, na baridi yake ikinipiga usoni.

"Karibu," nikasema.

Kisha ko, ko, kwa mbali. Kisha sauti, si sauti tena, ni pumzi yenye maneno:

"Siwezi, mwanangu. Nimeanguka."

Mzee Jaswant alikwenda kupiga simu. Mimi sikushuka kwenye stuli. Nilimwuliza yuko wapi, akasema chini yako. Nilimwuliza tangu lini, akasema tangu jana mchana. Basi nikaimba. Niliimba zile zile nilizokuwa nakuimbia wewe, huku nalia, mpaka nikasikia zimamoto wanavunja mlango chini yangu.

Jina lake lilikuwa Bi Lalita, Mhindi mzaliwa wa Unguja, mjane, na watoto wake wako ng'ambo nyingine. Nilipoingia nyumbani mwake jambo la kwanza lilikuwa harufu. Nyumba nzima ilinukia udi wangu. Alikuwa amelala sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, kijiko mkononi, bomba limechubuka rangi alipokuwa akiligonga.

Aliishi siku tisa hospitali. Nilikwenda kila siku, nimekubeba mgongoni. Siku ya nne aliniuliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya nazi, kwa nini sikuitika. Sikutaka kumdanganya mtu wa namna ile. Nikamwambia, "Nilikuwa nakuogopa, Bi. Nilidhani wewe ni pepo. Udi ule ulikuwa wa kukufukuza."

Halafu akatabasamu. "Mimi niliposikia nyimbo nilibisha hodi. Hakuna aliyejibu. Nikasema labda hawataki watu. Halafu ukaja udi, nikajua nimekaribishwa, tena kwa heshima. Ndiyo maana nikaendelea kubisha."

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Mimi wangu nimemlea miaka yote hii.

Nikuambie na lingine, ulichukue au uliache. Baada ya mazishi nyumba ya chini ilikaa tupu miezi mingi, mlango umepigiliwa mbao. Alasiri moja nakuogesha, tundu liko wazi kama alivyoliacha Mzee Jaswant, likasema hodi. Mara moja tu. Safari hii sikukimbia. Nilisema, "Karibu, Bi," na wewe ukatazama juu ukacheka kama mtu anayemjua aliyeingia. Baba yako alisema ni upepo. Huenda. Kwetu upepo una maana mbili, wa hewa na wa pepo, na sikumwuliza alikusudia ipi.

Basi sikiliza nasaha yangu, Salma. Usimwite mtu akusafishie mifereji kwa sababu umeogopa, wala kwa sababu picha ya vumbi imekutisha. Hakuna mfereji usio na vumbi. Mwite ukiona kwa macho yako kuvu ndani, au panya wamepita humo, au vumbi linapulizwa chumbani, au mafundi wamebomoa kuta na kujaza kifusi humo. Na kama ni kuvu, tafuta kwanza maji yanatoka wapi, la sivyo utasafisha leo na itaota tena kesho. Nje ya hayo, badilisha filta kwa wakati, futa nyavu, mashine ya gesi ikaguliwe na fundi mwenye kibali, na tundu la hewa usilizibe kamwe. Anayekuahidi kuwa atakuondolea kikohozi, harufu na sauti vyote kwa mkupuo, mpe chai, umsindikize mlangoni.

Lakini kabla ya yote hayo, mwanangu, jiulize unataka kusafisha nini. Mimi nilitaka kusafisha sauti ya jirani. Bibi yako Mungu amrehemu, sharti lake silifuti, ila nakuongezea langu: ukiitwa na humwoni anayekuita, shuka ngazi ukamtafute.

Mola aijaze nyumba yako hewa njema, kifua cha mwanao kiwe chepesi, na jirani zako wakujue jina. Na siku utakapobisha wewe, asiwepo wa kukuhesabia hodi. Ya kwanza tu, ujibiwe karibu.