Ordinatere ya Kukimbia Nayo

Niliondoka Bukavu kwa sababu dada yangu Furaha aliniamini, kosa ambalo hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyelifanya tangu nimalize chuo kikuu. Furaha ni mkuu wa shule ya sekondari huko Keshero, mjini Goma, na watu wote humwita Mama Prefe. Kwenye simu alizungumza kama mtu anayeagiza chumvi.

"Inspekta anakuya mwisho wa trimestre hii ya masomo. Asipokuta ordinatere zinazotumika, anafunga seksyo ya informatike, na batoto ba mwaka wa tano banatawanyika. Wazazi wamechanga, lakini kununua ni mara moja tu. Bamoja banataka za kampuni, bengine banataka za kuunganisha hapa mjini. Kuya utuamulie, we umesoma."

Nimesoma falsafa. Sikuona haja ya kumkumbusha.

Asubuhi, ziwani. Boti haijapita hata kisiwa cha Idjwi nilikuwa nimekwisha kuamua juu ya hizo ordinatere: kompyuta za kampuni, zilizofungwa kiwandani, zenye dhamana, yaani garanti. Nikaanza kuitunga hotuba kimoyomoyo. Mama aliyeketi kando yangu akila sambaza, dagaa wa ziwa hilo, aliniuliza kama mimi ni mchungaji, maana midomo yangu ilikuwa ikienda bila sauti.

Mchana, Goma. Vumbi jeusi lilinipokea kwanza, dada yangu baadaye. Ukuta wa shule yake umejengwa kwa mawe ya volkano, yaleyale yaliyoimeza shule ya zamani. Nilitaka kusema jambo la hekima juu ya hayo, lakini Furaha alikuwa ameshaita gari.

Alasiri, Munigi. Alinipeleka kuona kompyuta za kampuni katika shule ya jirani. Nyembamba, za rangi ya fedha, kioo na mashine kitu kimoja, zimepangwa kama sahani za arusi. Zote zilikuwa zikiwaka isipokuwa moja, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"Inangoja kipande cha kuingiza umeme," mkuu wa shule ile alitueleza. "Cha mashine ingine hakiingie humo. Kilikuwa kitoke Kampala kwa njia ya Bunagana, njo waasi wakafunga barabara."

"Lakini garanti ipo?"

"Garanti iko, muzee. Barabara ndiyo haiko."

Furaha alinitazama. Mimi nikatazama zile zinazowaka.

Kesho yake, mkutano wa wazazi. Juu ya meza kulikuwa na mashine mbili. Moja ni ya kampuni, tuliyoazimwa na mwenye duka, ambaye alikuja mwenyewe kuilinda. Ya pili aliileta Papa Faraji, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema, ambaye huunganisha kompyuta dukani kwake Birere. Sanduku la mashine hiyo lilikuwa la kijivu, bamba la mbele jeusi, na feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga mihogo.

"Mbona rangi hazifanani?" niliuliza.

"Papa Profesa, hata we tukikufungua ndani hatutakuta rangi moja."

Wazazi walicheka. Nikasimama na hotuba yangu. Nilisifu kiwanda, nikasifu garanti, nikafika pale niliposema kwamba kitu kizima hununuliwa kizima, na hapo ardhi ikatetemeka.

Nilijikuta uani, nimesimama juu ya jiwe, mkononi nina kikombe cha chai. Nikangoja wenzangu. Hakuna aliyetoka. Watu wa Goma wanaujua mtikisiko wa kukimbia na mtikisiko wa kuendelea na mkutano. Nilirudi ndani polepole, kama mtu aliyekuwa ametoka kuangalia hali ya hewa.

"Chai imepona, muzee?" aliuliza Mama Solange, muuza viazi kutoka Rutshuru, aliyewahi kukimbia mara moja kwa sababu ya waasi na mara moja kwa sababu ya mlima wa volkano.

"Imepona."

"Na ile ordinatere nzuri, mbona umeiacha?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa ukumbi kuliko volkano. Kisha Mama Solange akasimama, akavua kitenge chake cha juu. "Sisi huku hatununue kitu mbele ya kujua tutakikimbiza namna gani. Hata kitanda, tunauliza kwanza kama kinafunguka."

Akajifunga ile ya kampuni mgongoni kama mtoto. Ilipita mabega pande zote mbili. Mlangoni ilikwama, na mwenye duka alipiga yowe. Papa Faraji hakungoja kuambiwa. Alifungua sanduku lake, akagawa vipande, kila familia chake cha kukimbia nacho: diski kwa huyu, memwari kwa yule, kioo kwa baba mmoja mwenye mabega. Likabaki bati tupu.

"Na hilo?" niliuliza.

"Hilo ni la waasi," alisema Mama Solange. "Mara ya mwisho walibeba ordinatere yetu nzima. Safari hii bachukue bati."

Nilijaribu kuokoa heshima yangu kwa swali la kisomi. "Na familia moja isiporudi na kipande chake? Mashine si itakufa?"

Mama Solange alimrudishia mwenye duka mashine yake. Akajifunga kitenge chake tena, taratibu.

"Kipande kitapatikana Birere. Mutu, tutamutafuta. Na kama kila mutu iko na kipande, tutajua upesi nani hajarudi."

Hakuna aliyeomba hotuba yangu iendelee. Mikono ilinyooshwa kwa ajili ya zile za kuunganisha, na wa kwanza kunyoosha alikuwa mimi.

Siku ya kurudi, bandarini. Furaha alinipa kifurushi chenye kibodi.

"Ya nini? Mimi si mzazi wa shule."

"Mulima ukichafuka tena, tutakimbilia wapi? Si kwako? Acha itangulie."

Tangu hapo inspekta amekwisha kufika. Alilalamikia kelele za feni, akatia sahihi, na watoto wa mwaka wa tano wapo darasani. Niliyojifunza Goma yanatosha kwenye kifurushi kimoja, na kiko juu ya kabati langu. Juzi mke wangu alitaka kukitoa apate nafasi ya sufuria. Nilimwambia akiache: huo ni mzigo wa wageni, wenyewe hawajafika. Akauliza ni wangapi. Siku hiyohiyo tulinunua magodoro.