Firigisi ya Mzee wa Nyumba

Shangazi alipotutembelea Makadara kutoka kijijini kwetu magharibi, aliona nilivyokonda, akamkazia macho mke wangu kana kwamba ananinyima chakula. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mzee wa nyumba, na mwanamke haigusi. Siku hiyo tulichinja kuku, lakini niliacha ugali karibu wote, na shangazi akampa firigisi mdogo wangu wa kiume, kana kwamba mimi si mzee wa nyumba tena.

Nilikasirika. Nikapandisha shati nikamwonyesha kovu langu la tumbo.

"Shangazi, utumbo wangu ulijisokota," nikamwambia. "Damu ikashindwa kupita, ukaoza, madaktari wakakata sehemu kubwa. Uliobaki ni mfupi, chakula kinapita kabla mwili haujakichukua. Wengine huzaliwa hivyo, wengine hukatwa kwa sababu ya ugonjwa mwingine wa matumbo. Na huyu unayemwangalia vibaya ndiye anayenipikia kidogo kidogo kutwa nzima. Bila yeye ungekuja kunizika."

Shangazi alinyoosha mkono, akaitoa firigisi kwenye sahani ya mdogo wangu, akaiweka mbele ya mke wangu.

"Kula, mama," akamwambia.

Mke wangu aliitafuna polepole, sote tukimtazama.