Petroli miguuni

Taa imevuja petroli, mafuta yake, mezani, na mjukuu wangu anaifuta huku akiniambia, "Muzee, wewe ulizaliwa na akili." Harufu hii imenirudisha Goma, kwenye mawe meusi nyuma ya nyumba yetu.

Asubuhi moja padri alikuja kuchagua mutoto mumoja wa kupeleka shule kubwa ng'ambo ya ziwa. Kabla ya maswali aliangalia miguu. Mwenye funza alirudishwa nyumbani. Kabla hajafika, mama alikuwa anatutoa funza kwa pini na kutupaka petroli. Alianza na mimi kwa sababu nilikuwa nalia. Ndugu yangu mukubwa, aliyenifundisha hesabu zote kwa vijiwe, alingoja kimya. Kengele ya misioni ya kutuita ililia, miguu yake ikiwa bado haijaguswa.

Niliporudi nimechaguliwa, nilimukuta amekaa juu ya jiwe, anajichokoa kidole mwenyewe.

"Aliuliza saba mara nane?"

"Aliuliza."

"Ukakumbuka?"

"Nilikumbuka."

"Vizuri," alisema, akacheka kwa furaha kabisa, akainamia tena kidole chake. Miguu yangu ilikuwa bado inanuka petroli.