Ufa Kwenye Uso wa Mwasisi wa Nne

Mwenye kinu cha kusagia nafaka alikuja sokoni mchana kweupe na shoka mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wangu, akaupiga shoka uso wa mtu wa nne niliyemchora.

Vipande vya lipu vikaniangukia kichwani.

Nilikuwa chini nachanganya rangi. Kaka yangu mkubwa alikuwa juu ya jukwaa la mbao, anapaka mawingu. Sisi wageni pale. Tuliitwa kuchora waasisi wa mji, wanaume wanne waliofyeka pori na kujenga nyumba za kwanza.

Picha zao hazikuwepo. Kamati ya mji, mwenyekiti wake akiwa huyohuyo mwenye kinu, ilitupa maelezo ya juujuu tu.

"Watatu walizeekea hapa. Wa nne alikufa mapema kwa homa. Wapeni vifaa vya kufyekea, inatosha."

Basi nikagawa mwenyewe. Huyu panga, huyu jembe. Shoka nikampa babu yake mwenye kinu, nikamchora kaliinua juu kama mtu wa kazi. Wa nne nikamweka ubavuni kwake, maana tuliambiwa walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Sasa ule ukuta ulikuwa na ufa. Ulishuka kutoka juu hadi katikati ya paji la uso wa yule wa nne.

Mimi nikiziba ufa huchanganya saruji na rangi nyekundu, nisije nikasahau mahali ambapo bado sijapaka. Ikikauka, napaka rangi ya ngozi juu yake, mambo yanaisha. Mchana ule ilikuwa bado mbichi.

Mwenye kinu akanigeukia.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, mzee?"

"Usinifanye mtoto. Nani kakwambia babu alimpasua kichwa?"

Soko zima likatugeukia. Nikainuka na kopo la rangi mkononi.

Kaka yangu, mtu wa utani tangu utotoni, akachungulia kutoka juu. "Mzee, shusha presha. Hiyo saruji tu, kesho haipo."

Hapo ndipo alipoharibu. Mwenye kinu aliona anachekwa.

Akaugeukia mguu wa jukwaa. Pigo la kwanza, mbao ikalia. Nikapiga kelele kaka aruke. La pili, jukwaa likalala na kaka akashuka nalo, mgongo ukatangulia. Nilisikia mfupa ukivunjika, na hiyo sauti naisikia mpaka leo.

Sikufikiri. Nilimmwagia mwenye kinu rangi machoni, nikamrukia mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Alinitupa kama gunia la unga. Kisha akamwendea kaka pale chini, akawa anampiga kwa mpini wa shoka. Mbavu. Kichwa. Tena kichwa.

"Tusaidieni, jamani, anamuua."

Muuza nyama alikuwa hatua chache tu, kisu kiunoni. Hakusogea. Wauza mboga hawakusogea. Watu walituangalia kama wanaoangalia mvua.

Aliyemzuia ni mama yake mzazi, kikongwe, alikuja anajikokota akamshika mkono.

"Mwanangu, acha. Ukoo wetu ulishaua mmoja. Unataka wa pili?"

Shoka likaanguka.

Nilimpakata kaka. Alikuwa anapumua kwa shida, damu inamtoka masikioni. Muuza nyama ndipo akachuchumaa karibu yangu.

"Dada, tulidhani mmetumwa. Tulidhani mmechora kusudi."

"Kusudi nini? Mimi nimeambiwa homa."

Akanitazama kwa huruma. "Kila mtu hapa anajua si homa. Yule wa nne ndiye aliyekuwa na shamba lenye maji, akauawa kwa hilo. Tunasema homa ili tuishi."

Mji mzima ulijua. Wajinga tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu.

Kaka alifariki wodini kabla jua halijazama, kiganja chake ndani ya changu.

Nilipokwenda kituo cha polisi, niliwakuta wanakamati wametangulia. Muuza nyama alikuwepo. Askari akaniuliza kwa upole kama jukwaa lilifungwa vizuri.

"Amepigwa," nikasema. "Muulize huyu, aliona."

Muuza nyama akainamisha kichwa.

"Mchoraji aliteleza," akasema. "Ameanguka."

Wengine wote wakasema hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, na kikongwe yule pia.

Ndiyo maana naandika hapa, kwa watu nisiowajua. Ukiitwa uwachore wafu wa watu, uliza kwanza walikufaje. Wakikujibu wote kwa neno moja, kusanya brashi zako, mshike ndugu yako mkono, mwondoke.

Kaka yangu hakuanguka.