Bwana Miti na Moto wa Matanga

Mwaka juzi alinijia binti mmoja wa mradi, kavaa fulana ya kijani yenye picha ya jani kifuani. Alinisalimia vizuri, shikamoo bibi, nami nikaitikia marahaba nikampa kiti. Basi akanifungulia darasa. Eti sisi wazee wa Biharamulo ndio tuliomaliza misitu, kwa sababu hatukuelimishwa. Nilimwacha amalize. Alipouliza kama nina swali nilimwambia sina swali, nina dharau, na asijitwike yote, maana nyingine ni ya watu waliomtangulia kabla hajazaliwa.

Sina ugomvi na mti. Mti umenikosea nini? Ninaowadharau ni wapenda miti, hasa wale ambao mapenzi yao huanzia kwenye kuni za mtu mwingine. Niliwaona hata kambini Benaco, wakimbizi wa Rwanda walipojaa, wanapita na magari meupe kuangalia visiki huku watoto wanaharisha pembeni. Lakini kuwajua niliwajua zamani, kijijini kwetu Nyantakara, kupitia mtu tuliyemwita Bwana Miti.

Wazazi wangu walikuwa Wasukuma waliotoka upande wa Geita wakifuata malisho. Walikaa kwa raha zao porini mpaka serikali ilipoamua watu wote wakae vijijini. Tingatinga likaja likakwangua msitu ili tupate mahali pa kupangwa. Miti iliyoangushwa ilirundikwa ikatiwa moto, viongozi wakapiga makofi, sisi watoto tukaimba. Hakuna aliyeulilia hata mmoja. Nyumba zetu ziliponyooka kwenye mistari, ndipo akaletwa huyo Bwana Miti, ofisa wa kuulinda msitu uliobaki, na wa kuchungwa ni sisi.

Alikuwa mtu wa kaki iliyopigwa pasi, na Landrova, na maneno ya semina. Kwenye mkutano wa kwanza alisema kila mti ni askari wa taifa. Akasema mninga usiguswe kabisa, kuni ni vijiti vilivyoanguka vyenyewe tu, tena kwa kibali, na kibali hutolewa Alhamisi. Akasema nyasi zisichomwe. Nyasi zikarefuka, mbung'o wakarudi, ng'ombe wakafa kwa ndorobo, na yeye akatueleza kwamba tatizo ni mifugo mingi. Nyumbani kwake alipikiwa kwa mkaa. Magunia yalipangwa barazani, mchana kweupe, wala hakuona haja ya kuyafunika. Meza yake ilikuwa mninga, kabati mninga, na mlango wa choo mninga. Nyani haoni kundule, lakini huyu alilikalia na bado akatuhutubia.

Vita vya Uganda vilipoanza, kaka yangu mkubwa aliondoka na mgambo. Alikuwa kifungua mimba wa mama, mtu mcheshi, mkono wake mwepesi kwa randa na patasi. Malori ya jeshi yakapita barabarani miezi mingi, wanajeshi wakakata magogo ya kupikia na ya kujengea kambi, na Bwana Miti akawa anasimama kando ya barabara anapiga saluti. Simlaumu kwa saluti. Namlaumu kwa kuwa siku hizo ulimi wa kibali ulimpotea, ukamrudia malori yalipokwisha kupita.

Vita vikaisha, kiangazi kikawa kikali. Adhuhuri moja akaja mwenzake kaka, kijana wa kijiji jirani aliyeondoka naye. Akaketi, akakataa maji, akakataa chakula. Mama aliweka chini bakuli alilokuwa amelishika, kwa sababu alishaelewa. Kaka alikuwa amezikwa Uganda, kando ya barabara, pamoja na wengine. Hakukuwa na mwili wa kuletewa wala kaburi la kwenda kupalilia.

Kwa ukoo wetu, mtu akifa huwashwa moto uani, na wafiwa hukaa kuuzunguka mpaka mkubwa wa ukoo afike auzime kwa mkono wake. Akishauzima, wafiwa wananyolewa nywele, wanaoga, na matanga yanaanuliwa. Mtu anarudi shambani. Kabla ya hapo moto haufi, na mgeni hauzimi. Kwa maiti tuliyoiona wenyewe moto ule ni desturi tu. Kwa kaka ndio ulikuwa mazishi yenyewe, hatukuwa na kingine.

Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mkubwa, na baba mkubwa alikuwa Geita. Tulimpelekea habari. Petroli ilikuwa imeadimika nchi nzima na mabasi yamelala, kwa hiyo tulijua atakuja kwa miguu, na tulijua mzee wa umri wake hatembei kwa haraka. Kazi ya mama ikawa moja: moto usizimike kabla shemeji yake hajafika.

Kuni za msiba huletwa na majirani, kila mwanamke na mzigo wake. Walizileta. Askari wa Bwana Miti akawa anawangojea njiani na kuwanyang'anya, eti kiangazi, eti hakuna kibali. Basi wanawake wa Nyantakara wakaleta walichokuwa nacho. Magunzi. Samadi kavu kwenye mapakacha. Mmoja alileta kinu chake kilichopasuka, akakiweka motoni bila neno, akakaa. Hivyo vitu vinawaka upesi na kuisha upesi.

Baba akavaa koti lake akaenda kwa Bwana Miti kuomba kibali cha gogo moja, la mti uliokwisha kufa. Bwana Miti akamjibu kwamba leo si Alhamisi. Kisha akamwongezea hekima ya bure: "Mzee, mkiomboleza kwa kukata miti, wajukuu wenu mtawaachia nini?" Akafurahia maneno yake mwenyewe, baba alisema, kama mtu aliyemeza kipande kinono. Hata pole hakumpa. Baba alirudi akavua koti, akatuambia, "Amesema vizuri sana."

Asubuhi iliyofuata mama aliingia ndani, akatoka anaburuta kitanda cha kaka. Kaka alikuwa amekitengeneza mwenyewe kwa mninga ulioangushwa na tingatinga, kabla ya Bwana Miti kufika. Kilifungwa kwa kamba za ngozi bila msumari hata mmoja, na kilikuwa kinamngoja mke ambaye kaka hakuwahi kumwoa. Baba alimwangalia tu. Mama alizikata kamba kwa panga, akavunja fremu, akaanza kuilisha moto kidogo kidogo, akipima, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Mninga unawaka taratibu. Nilimsikia akisema peke yake kwamba sasa moto utadumu mpaka shemeji afike.

Moshi ulimleta Bwana Miti kabla ya saa nne. Alishuka kwenye gari akapita katikati ya wafiwa waliokaa chini, hakusalimia mtu. Akachokoa moto kwa fimbo, akaona wekundu wa ule mti.

"Huu ni mninga. Kibali kiko wapi?"

Mama hakuinuka. "Ni kitanda cha mwanangu," alisema. "Kibali anacho yeye. Mfuate Uganda ukamwombe."

Kwa dakika ile nilidhani ataona haya. Nilikuwa bado mdogo. Alimwambia askari wake alete maji, na askari akachukua mtungi wa wafiwa, maji yetu ya kunywa, akaumwagia moto wote. Bwana Miti akaeleza kwamba moto wazi kiangazi ni hatari kwa msitu. Miguu miwili ya kitanda ilikuwa haijaungua. Akaipakia kwenye Landrova, eti kidhibiti cha kesi, akaondoka. Naweza kumsamehe mtu mchoyo, hata mwizi. Yule aliondoka akiamini ametenda wema, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe mpaka leo.

Baba mkubwa alifika kesho yake, miguu imevimba. Alikuta jivu lililolowa. Akauliza nani kauzima, baba akamwambia. Mzee akasema tuwashe mwingine, yeye auzime, yaishe. Majirani wakakubali, hata katekista wa kijiji akakubali. Mama akakataa. Alisema moto wa mwanawe ulikuwa ule, na waliouzima hawakuwa watu wake, kwa hiyo bado haujazimwa, na hawezi kunyolewa kwa moto ambao haujazimwa.

Mwingine ukawashwa, mzee akauzima, sisi wengine tukanyolewa. Yeye akavaa kitambaa, akarudi shambani hivyo hivyo. Bwana Miti alipewa uhamisho, wakaja wengine na semina zao. Nywele za mama zikarefuka chini ya kile kitambaa, zikawa nyeupe, na hakuna wembe uliozigusa tena. Alipofariki, wanawake waliokuwa wanamwosha walinitokea mlangoni na wembe mkononi, wakaniuliza kama wamnyoe. Niliwaambia wamwache alivyo, bado yuko matangani.