Viraka vya Rangi Juu ya Bati

Majuzi mdogo wangu aliibomoa nyumba ya wazazi wetu huku Shinyalu, mabati yakalazwa kwenye nyasi. Ungeyaona, rafiki yangu, ungecheka: kijani, nyeupe, zambarau, viraka vya kila rangi. Mimi sikucheka.

Baada ya kuwazika wazazi niliacha shule, nikawa nafagia na kuosha brashi kwa mchoraji aliyekuwa na studio karibu na msitu. Dada yake baba, tuliyemwita senge, alikuwa ametangaza kwamba atakuja Jumamosi kuamua mambo yetu. "Watoto hawawezi kulala kwa nyumba inavuja," alisema. Mmoja angeenda naye Navakholo, mwingine kwa mjomba huko Khwisero. Wadogo zangu walikuwa wawili tu, na walilala wameshika nguo yangu.

Rangi ya mafuta ikibaki mkebeni hufanya utando juu, kama maziwa yaliyochemshwa. Chini yake huwa nzito kama uji. Nilimwomba mchoraji mabaki hayo.

"Unafungua studio kwenu, unishinde?" akanitania.

Nilipomweleza, aliacha kucheka. Alinifundisha kuchovya vipande vya nguo kuukuu ndani ya rangi na kuvibandika juu ya kila tundu. "Paka asubuhi," alisema. "Ikinyeshewa kabla haijakauka, umefanya kazi bure."

Nawe waijua mvua ya Kakamega, alasiri haikosi. Wiki ile nilipanda juu ya bati kila kulipokucha. Mikono ilinuka tapentaini hata nikila obusuma, ugali wetu. Mchana nilitazama mawingu yakija kutoka upande wa msitu, nikiyasihi yachelewe kidogo.

Jumamosi senge alifika, nikampa chai. Kabla hajaimaliza radi ilipiga, kisha mvua ya mawe ikaliangukia bati hata hatukusikizana. Sikuthubutu kuangalia juu. Niliangalia uso wake. Kitinda mimba wetu, kwa mazoea, alikimbia akaleta sufuria na kuiweka mahali pake pa kila siku, mbele kabisa ya miguu ya mgeni.

Senge aliikodolea macho ile sufuria mpaka mvua ikapungua. Kisha akaingiza mkono, akapapasa ndani.

"Ni kavu. Nani alipanda huko juu?"

"Ni mimi, senge."

"Na ungeanguka? Hawa ungewaachia nani?" Akamaliza chai iliyokwisha kupoa. "Haya, kaa nao. Lakini nitakuwa nakujanga. Siku nitapata hii sufuria na maji, nawabeba."

Hakuyapata. Kila viraka vilipobanduka, nilipanda tena, na hofu yangu kifuani.

Senge ametutoka. Studio ilifungwa. Wadogo zangu waliondoka kwa miguu yao wenyewe, kila mmoja ana mji wake. Mvua ikianza, bado naacha ninachofanya na kusimama, nikisikiliza tone. Lakini nyumba yangu ya sasa ina dari, na sisikii kitu.