Msimamizi Wangu Alinishukuru kwa Kuosha Vyombo

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Same ni ndogo na watu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Gonja, nina mume na mtoto mmoja, nafundisha kemia sekondari hapa mjini. Jambo hili nimelibeba miaka minne na sasa limenishinda.

Kabla ya kurudi huku nilikuwa nasomea shahada ya uzamivu chuo kikuu. Nilitafiti kampaundi ambazo ndani yake metali imeshikana moja kwa moja na kaboni. Viwanda vya dawa huzitumia kuharakisha kazi, ila nyingi zinahitaji metali za bei ghali. Mimi nilitaka kutengeneza ya chuma, hiki hiki cha kawaida. Tatizo, ikiguswa na hewa kidogo tu inaharibika, kwa hiyo nilifanyia kazi ndani ya vioo vilivyojazwa naitrojeni. Mwaka na nusu kila nilichotengeneza kiligeuka cheusi nikikiangalia. Siku nilipopata chembechembe za rangi ya machungwa, zikabaki hivyo hadi kesho yake, nilipiga magoti pale maabara nikalia.

Msimamizi wangu alikuwa mzee, Mpare mwenzangu. Nilimwita Baba. Baba yangu mzazi alishafariki, na siku ya harusi yangu ni yeye aliyenishika mkono kuniingiza kanisani.

Miezi michache baada ya yale mafanikio, mama akapata kiharusi. Mimi ndiye binti pekee. Baba akaniambia, "Nenda kamuuguze mama, mwanangu. Niachie daftari lako la maabara, kazi iko salama." Nikampa kwa mikono miwili.

Nilikaa Gonja miezi saba, nikimgeuza mama kitandani na kumfundisha kushika kijiko upya. Siku moja mwenzangu wa chuo akanitumia makala kwenye simu: "Hongereni, ila mbona jina lako silioni?" Nikafungua. Kampaundi yangu, picha zangu. Waandishi wawili: Baba na mtoto wa dada yake, binti aliyeingia maabara mimi nikiwa nimeshaondoka. Jina langu lilikuwa mwisho kabisa, kwenye shukrani. Nimeshukuriwa kwa kuosha na kuandaa vyombo!

Nikampigia papo hapo. "Mwanangu, wewe hukuwepo," akasema. "Sayansi haimsubiri mtu."

"Na daftari langu, Baba?"

"Daftari gani?"

Nililalamika chuoni, wakataka ushahidi. Ushahidi wangu wote ulikuwa ndani ya lile daftari. Nikaacha masomo. Mama nilimwambia nimechoka kusoma, kwa sababu akijua ukweli atasema ugonjwa wake ndio ulioniharibia maisha.

Sasa mwezi uliopita yule binti kanipigia. "Shikamoo dada," halafu kilio. Watahini wake wanataka aitengeneze ile kampaundi mbele yao, na kila akijaribu inageuka nyeusi. "Mjomba aliniambia uliacha mwenyewe, ukamwachia kazi. Mimi sikujua, dada." Akanitumia picha ya ukurasa anaoufuata. Mwandiko wangu. Tarehe zangu. Kumbe daftari mzee analo muda wote! Na hatua ya mwisho haimo humo, nilikuwa bado naiboresha, sijaiandika, nilipokimbilia kwa mama.

Wiki iliyopita mzee mwenyewe akapanda Gonja na doti ya vitenge. Mama, ambaye hata kuongea anajikongoja, akaagiza mgeni apikiwe makande. Jioni akanipigia, "Mwanangu, kamsaidie mzee wa watu. Si ndiye aliyekuozesha?" Nilipompigia mzee kumuuliza kama atalirudisha jina langu kwenye ile makala, alijibu, "Hayo tutayaona baadaye."

Mume wangu anasema niipeleke ile picha chuoni kesho asubuhi. Lakini nikiipeleka, binti aliyeniamini anaanguka pamoja na mjomba wake, na mama atajua yote. Nikimfundisha binti ile hatua, nitakuwa nimemkabidhi yule mzee kitu cha mwisho nilichobaki nacho. Binti anasubiri jibu langu Ijumaa. Kila akipiga naangalia simu mpaka inakata.

Ndugu zangu, dada zangu, mlioumizwa na mtu mliyemwita baba, niambieni bila kunionea haya: mngekuwa mimi, mngemjibu nini huyu binti?